Samaki Waliopanda Mlima Nyaramba

Mpwa wangu Mathew Nyabuto analipwa kuhesabu samaki, na mpaka wakati wa kisa hiki alikuwa hajawahi kumshika samaki aliye hai. Nalisema mapema ili mtu asije akanilaumu kwamba nililificha. Alizaliwa Kiogoro, milimani, ambako samaki hufika akiwa amekaangwa au amekaushwa, na maji mengi zaidi aliyoyaona utotoni yalikuwa ya pipa la kukingia mvua. Kuogelea hajui. Mashua humtapisha. Hata karai la nguo hulisogelea kwa heshima.

Chumba chake cha kazi kiko ghorofani, juu ya duka langu la sare za shule hapa mjini Kisii. Watafiti wa ziwa humtumia habari za mashua: zilivua wapi, zilipata nini, samaki walikuwa wakubwa kiasi gani. Yeye huzitia kwenye kompyuta akatengeneza kitu anachokiita modeli, yaani ziwa la hesabu, lenye samaki wa hesabu wanaozaliwa, wanaokua, wanaovuliwa na wanaohama. Kisha anawaambia wakubwa kama mbuta, yaani sangara, waliobaki ziwani wanatosha kuvuliwa au wapumzishwe. Watu wa Kiogoro wanachojua ni kwamba ana kazi ya samaki, na kila akienda nyumbani wanamwuliza amewaletea wangapi.

Hilo neno kuhama ndilo ugonjwa wake. Mchana biashara ikilala alikuwa akishuka dukani kunisomesha, apende nisipende, akitumia rafu zangu.

"Shangazi, tuseme rafu hii ni upande wa Homa Bay, na ile ni upande wa Uganda. Wavuvi wa huku wanalia mbuta wamekwisha. Je, wamekwisha, au wamehamia kule?"

"Sweta zangu hazihami."

"Tuseme zinahama."

"Zikihama kuna mtu amezibeba, na nitamjua."

Alikuwa ananitazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mtoto wa mwisho darasani, halafu anaanza upya. Ukisema samaki wamekufa kumbe wamehama, unawafungia wavuvi kazi bure. Ukisema wamehama kumbe wamekufa, mtamla wa mwisho huku mkichekeana. Kazi yake yote ilikuwa kutofautisha hayo mawili bila kumwona samaki hata mmoja. Mimi nilikuwa nakunja sweta na kuitikia, maana mtoto wa ndugu yako ukimkatiza atakwambia huna elimu.

Sasa, dukani hapo hapo ndipo alipomkuta Bosibori, mwalimu wa chekechea kutoka Nyaramba, amekuja kuchukua sweta za darasa zima. Mathew akamweleza habari za rafu. Msichana akacheka mpaka akaketi juu ya gunia la soksi, kisha akauliza swali la maana, na mpwa wangu akapotea kabisa. Wiki hiyo alishuka dukani mara nyingi kuliko wateja. Baada ya miezi kadhaa alinijia na uso wa mtu anayeumwa jino, akaniomba niwe esigani wake, yaani yule mtu wa kati anayepeleka maneno ya posa, maana kwetu mwoaji hajisemei. Nilikubali. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nilimlea nusu ya maisha yake, na sijawahi kumwona akitaka kitu kwa nguvu hivyo isipokuwa kompyuta.

Tukaenda Nyaramba. Baba yake Bosibori anaitwa Mzee Obwocha, mkulima wa chai, mzee wa kanisa la Sabato, mtu mrefu mwenye shingo isiyopinda. Sikumpenda. Alinipa kigoda kifupi mpaka magoti yangu yakakaribia masikio, akaanza kuniuliza mimi, huku Mathew akiwa amekaa hapo hapo kimya kama kifurushi.

"Huyu kijana anafanya kazi gani?"

"Anahesabu samaki wa ziwani, Mzee."

"Anawashika?"

"Hapana."

"Anawaona?"

"Hapana."

"Sasa anahesabu aje?"

"Kwa kompyuta."

Mzee Obwocha akatikisa kichwa polepole. "Hata mimi naweza kuhesabu ng'ombe ya jirani nikiwa kitandani. Shida ni kama jirani atakubali."

Kisha akanyoosha kidole ukutani. Hapo, juu kuliko picha yake ya harusi, palikuwa na cheti chenye fremu ya dhahabu. Alikuwa amekwenda semina ya ufugaji wa samaki, na akarudi mtu mwingine. Aliporudi alichimba bwawa bondeni, chini ya shamba la chai, akaweka tilapia na kuwalisha chakula cha dukani. Mkewe, Mama Bosibori, naye alikuwa na bwawa lake dogo la zamani huko juu, karibu na chemchemi, ambalo samaki wake walikula makombo ya ugali na majani ya magimbi. Maji yalitoka chemchemini yakaingia bwawa la mama, kisha yakateremka kwa bomba mpaka bwawa la semina.

"Kila nikivua napata tu vidogo, kama kidole," alisema Obwocha. "Ile kubwa inapotea. Kuna mtu anakula samaki yangu. Na jirani yangu Alfayo, nimeona mifupa ya samaki kwa shimo yake ya taka. Sasa huyu kijana, kama anajua samaki ya ziwa mzima, aniambie samaki ya bwawa moja inaenda wapi. Akiniambia, tutaongea mambo ya ng'ombe ya mahari. Akishindwa, msichana wangu abaki hapa."

Niligeuka kumwashiria Mathew kwa macho kwamba tuondoke, mzee huyu ni mkorofi. Mpwa wangu alikuwa anang'aa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mtu alikuwa amemwomba amweleze habari za kuhama kwa samaki kwa hiari yake.

Basi kila Jumapili tukawa Nyaramba. Mpango wa Mathew ulikuwa kuwatia samaki alama, kuwarudisha majini, kisha kuwavua tena baadaye aone nani yuko wapi. Alama zilitoka dukani kwangu: uzi wa sweta. Wa bwawa la chini walitiwa uzi mwekundu, wa bwawa la juu uzi wa kijani, kwa sindano, chini ya pezi la mgongo. Bosibori ndiye aliyeingia majini na wavu, sketi ameikunja, akicheka. Mathew alisimama ukingoni akipokea samaki kwa mikono miwili iliyovaa soksi, akimwomba msamaha kila mmoja. Mimi nilitunga sindano. Ukituangalia kwa mbali ungedhani tunasajili shule mbili za bweni, na mimi ndimi mwuza sare, na kweli sikulipwa kwa uzi huo.

Tatizo lilikuwa Mama Bosibori. Hakuwa mtu mbaya, nampenda sana yule mama. Tatizo ni kwamba mkwe wa Kikisii na mama wa mke wake wana chinsoni kati yao: hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawakai pamoja, wala mmoja hamsemi mwenzake kwa lolote baya. Vijana wengi siku hizi wamelegeza, utawaona wanakumbatia mama mkwe hadharani na kupiga picha. Lakini Mathew kabla ya kuja kwangu alilelewa na nyanya yake, na nyanya alimfunga kamba zote. Hajaoa bado, hajakubaliwa hata, na tayari anamkimbia mama wa watu.

Na yule mama alikuwa anashuka bondeni kila mara tukiwa huko. Ukisikia tu wimbo wa kanisani unakuja kwenye kijia, mpwa wangu anatupa daftari na kutumbukia katikati ya michai, anabaki huko amechutama mpaka wimbo upite. Mama naye akimwona anageuza uso pembeni, anachuma majani ya mboga ambayo hayapo, anarudi zake juu.

Jumapili moja tulikuwa upande wa pili wa bwawa, ambako hakuna chai, ni nyasi fupi tu. Wimbo ukaanza karibu sana. Mathew akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha yule mtu anayeogopa karai akaingia bwawani kwa viatu na akachutama mpaka maji yakafika kidevuni. Mama akatokea, akasimama na beseni lake tupu, amegeukia shamba. Hakuondoka. Mathew hakuweza kutoka. Tukakaa hivyo, mama anaangalia chai, mkwe anameza maji ya semina, samaki wenye sare wanamgusagusa shingo, Bosibori amejiziba mdomo kwa wavu. Mwishowe nikamwambia mama kwa sauti ya adabu kwamba nadhani kuku wanaingia jikoni kwake. Akaenda. Tulimtoa Mathew akiwa anatetemeka, akasema hiyo ndiyo sababu anapendelea kompyuta.

Baada ya majuma kadhaa mambo ya alama yalianza kuwa mabaya. Tulivua bwawa la juu, na katikati ya nyuzi za kijani tukakuta nyekundu. Mathew akamlaumu Bosibori kwa kuchanganya nyuzi. Bosibori akasema yeye hufundisha rangi watoto wa miaka minne na kwamba asijaribu tena kumwambia hivyo. Wakanuniana juma zima. Alivua tena, zikaongezeka nyekundu. Akaandika kuwa ni makosa, akawaondoa samaki hao kwenye hesabu, kwa kuwa maji huteremka na samaki hawana ngazi.

Modeli ikakataa. Nilimsikia ghorofani akitembea huku na huku mpaka vumbi likaniangukia kwenye mashati meupe. Kompyuta ilimwambia kwamba bwawa la chini lina kifo kikubwa kuliko tauni, na bwawa la juu lina uzazi wa miujiza, samaki wanazaliwa wakiwa watu wazima. Alibadilisha hiki na kile, haikukubali. Siku ya tatu alishuka dukani nywele zimesimama, mbele ya mama mmoja aliyekuwa anapimisha mtoto kaptula.

"Shangazi, nimewaruhusu."

"Umewaruhusu nani?"

"Samaki. Nilikuwa nimewawekea kwenye modeli kwamba ruhusa ni kuteremka tu. Nimewaondolea sharti. Nikawaambia waende wanakotaka." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetenda dhambi. "Hesabu zote zimekaa sawa. Hakuna vifo. Hakuna wizi. Wanapanda mlima, Shangazi. Wakubwa ndio wanaopanda, na wanapanda kati ya Jumapili na Jumapili, sisi tukiwa hatupo."

Yule mama akachukua mtoto wake na kaptula akaenda bila kununua. Nami nikamkumbusha Mathew nilichomwambia kuhusu sweta, kwamba zikihama kuna mtu amezibeba.

Siku mbili baadaye nilifunga duka nikaenda Nyaramba peke yangu asubuhi, nikajichimbia ndani ya michai pale pale Mathew alipozoea kujificha. Umande ulinilowesha mpaka kiunoni, na viatu vyangu vizuri havijapona hadi leo. Haikuchukua muda. Wimbo ukaja, Mama Bosibori akaja na beseni na tenga la uvuvi, akaingia bwawani mwa mumewe kama mtu anayeingia jikoni kwake. Alikuwa anachagua. Anamwinua tilapia, anampima kwa jicho, mdogo anamrudisha, mkubwa anaingia beseni, namna ile ile unayochagua nyanya sokoni. Beseni lilipojaa akajitwisha, akapanda zake mlima bila kukatisha ubeti.

Nilicheka ndani ya chai mpaka nikapata kwikwi. Nikarudi Kisii nikiruka, nikapanda ngazi, nikamwambia Mathew kila kitu. Nilidhani atanikumbatia. Akaweka kichwa juu ya meza.

"Shangazi, ungeniacha tu," alisema. "Modeli haikuwa na jina la mtu. Wewe umeitia jina."

Hapo ndipo na mimi nikaelewa, na kicheko kikanikauka. Jumapili iliyokuwa inakuja Obwocha alikuwa amewaita wazee wasikilize matokeo. Mathew akimtaja mama mkwe mbele za watu, amevunja chinsoni, na hakuna nyumba itakayompa binti mtu aliyemvua nguo mama wa binti huyo. Akisema hajui, ameshindwa, na binti anabaki. Akisema ni wezi, Alfayo ataburutwa kwa chifu kwa kula samaki wa sokoni. Nilimwambia aniachie niseme mimi. Akasema esigani akisema ni yeye amesema, na ni kweli, ndiyo maana ya esigani. Nililala vibaya siku zote zile, kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimeharibu jambo kwa miguu yangu mwenyewe.

Jumapili ikafika. Sebule ya Obwocha ilijaa wazee wenye kofia na fimbo. Alfayo, mtu mdogo mkonde mwenye hofu, alikuwa amewekwa kwenye kigoda changu karibu na mlango, na kwa mara ya kwanza nilimpa mtu pole kwa dhati. Alikuwa anamweleza kila anayepita kwamba samaki yeye hununua sokoni kama mtu yeyote. Bosibori alisimama kwenye mlango wa kwenda jikoni. Mama yake alikuwa jikoni nyuma ya ukuta wa mbao, hawezi kuja sebuleni kwa kuwa mkwe yuko, lakini sufuria zote huko zilikuwa zimenyamaza.

Obwocha akasafisha koo. "Esigani, mwambie kijana aseme."

Nikamwambia. Mathew akasimama, mikono nyuma.

"Samaki wa Mzee hawajaibwa," alisema. "Wala hawajafa. Ukijumlisha mabwawa yote mawili, wako karibu wote. Wamehama tu. Wako bwawa la juu."

"Bwawa ya juu," Obwocha alirudia.

"Ndiyo, Mzee."

"Wamepanda mlima."

"Wamepanda."

"Na miguu gani?"

"Modeli haioni miguu, Mzee. Inaona tu kwamba aliyekuwa huku sasa yuko kule."

Mzee mmoja alijaribu kukohoa ikashindikana, ikatoka kicheko, na sebule nzima ikafuata. Walicheka wakashikana mabega. Mmoja akauliza kama samaki hao walipumzika njiani kwenye chai. Mwingine akauliza kama walibeba fimbo. Alfayo pekee hakucheka, aliinua mkono akasema yeye anaamini, anaamini kabisa, hata kwao amewahi kusikia samaki wakipanda, na hiyo ikawazidishia wazee kicheko mpaka kofia zikaanguka. Mathew alisimama katikati yao, masikio mekundu, hakujitetea hata kwa neno. Nilitamani kuwapiga wote kwa fimbo zao wenyewe. Bosibori alikuwa ameshika fremu ya mlango na macho yake yamejaa machozi, nami nikajua anaona kila kitu kinateleza.

Obwocha hakucheka. Aliinuka, akanitazama mimi.

"Esigani, asante kwa kutembea. Mchukue kijana wako umpeleke hospitali kwanza."

Hapo sauti ikatoka jikoni, nyuma ya mbao, haikupandishwa hata kidogo.

"Baba Bosibori, kaa chini. Mkwe wangu hajasema uongo."

Kicheko kikakatika. Obwocha alibaki nusu amesimama. Neno mkwe lilikuwa limesemwa mbele ya wazee, na kila mzee pale alilisikia.

"Umesema aje?" aliuuliza ukuta.

"Mimi ndiye nawabeba. Kwa beseni. Ile mikubwa. Nawapeleka kwangu juu."

"Kwa nini unihamishie samaki, Mama Bosibori?"

"Tangu utoke semina, nikikuambia maji imechafuka, unaniambia sina cheti. Nikikuambia unawalisha kupita kiasi, unaniambia sina cheti. Nikasema wacha nione kama cheti itajua samaki wakienda."

Wazee wote wakageuka kwa pamoja kutazama cheti ukutani, kisha wakageuka kuutazama ukuta wa jikoni.

"Na Alfayo?" Obwocha alisema, sauti imeshuka. "Nimemtukana mtu bure miezi yote."

"Huyo nilikuwa nataka kutuma Bosibori amwombe msamaha leo jioni na samaki wawili. Sikujua utamwita kwa wazee. Hukuniambia. Sina cheti."

Alfayo akauliza kwa upole kama samaki hao ni wa bwawa la juu.

Obwocha akaketi. Shingo ile isiyopinda ikapinda, akatazama sakafu, nasi wote tukatazama sakafu pamoja naye. Alipoinua uso alisahau kabisa kwamba mimi nipo, akamsemesha Mathew moja kwa moja.

"Wewe ulikuwa unajua ni nani?"

"Nilijua, Mzee."

"Na ukasimama hapo ukachekwa na hawa wote."

"Ndiyo."

"Ungetaja jina tu, ungekuwa umeshinda. Mbona hukutaja?"

Mpwa wangu alitazama viatu vyake, vile vile vilivyoingia bwawani, vilivyokauka vikapinda ncha.

"Ni mama, Mzee."

Jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka, na hakikuokotwa. Bosibori alijifunika uso kwa leso. Yule mzee aliyekuwa anauliza habari za fimbo akavua kofia yake akaiweka gotini. Mimi nilikuwa nimekasirika tangu asubuhi, na hasira yote ilinitoka mwilini kwa mara moja mpaka nikahisi baridi.

Obwocha akasafisha koo tena. Alikumbuka heshima ya mahali, akanigeukia.

"Esigani."

"Naam, Mzee."

"Mwambie huyu kijana arudi na wazee wao tuongee mambo ya ng'ombe. Jumapili. Jumamosi tuko kanisani."

Mathew alikuwa ameketi karibu nami kiasi kwamba kiwiko chake kiligusa changu, na alikuwa amesikia kila neno. Lakini desturi ni desturi. Nikamgeukia, nikaanza kumwambia kama nilivyoagizwa, neno kwa neno, na nilipofika kwenye ng'ombe sauti ikanikatika, ikabidi Alfayo amalizie.